Je, Ni Ugonjwa wa Ukoo?

Tulikuwa tumepeleka posa. Wazee wa upande wa mwanamke wakaja nyumbani kwetu Idete, na badala ya jibu wakaleta swali.

Ilikuwa baada ya mavuno. Magunia ya mpunga yalikuwa yamepangwa sebuleni kwa sababu stoo ilikuwa imeshaingiwa na panya. Wageni wakakaa barazani, wakanywa chai, wakausifu mpunga, wakaulizana habari za mvua. Kisha mmoja wao, mzee mpole aliyekuwa amenyamaza muda wote, akaweka kikombe chini.

"Tumesikia kijana aliwahi kuugua taya utotoni," alisema. "Hatumkatai. Ni mchapakazi, tunamjua. Tunataka kujua kitu kimoja tu: ni ugonjwa wa ukoo?"

Baba mdogo akaniita kutoka jikoni. "Huyu ndiye aliyesoma mambo hayo. Mwanangu, hebu waeleze wazee wako."

Nikapiga goti, nikawaamkia, nikasema hapana, ugonjwa ule haurithiwi.

"Umejuaje, mwanangu?"

Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayemwoza binti yake. Nikajibu kwamba nimeyasoma chuo kikuu. Wazee wakatikisa vichwa, posa ikapokelewa, na baada ya miezi michache tukacheza ngoma. Lakini nilijua sikuwa nimejibu. Kumwambia mtu "nimesoma" ni kumtaka aniamini bila kumwonyesha njia niliyopita. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa mzee yule. Yanaanzia kwenye taya la mdogo wangu, yanapita Kampala, Mara na Melbourne, na sehemu kubwa ya safari hiyo yamebebwa na panya.

Mdogo wangu aliugua mwaka 2001, akiwa na miaka sita. Shavu la kushoto lilianza kuvimba, meno yakalegea. Kila mtu alisema ni jino. Katika zahanati moja waling'oa mawili, wakampa vidonge vya maumivu, tukarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu uvimbe ulikuwa umefika chini ya jicho, na jicho lenyewe likaanza kusukumwa nje. Bibi aliacha kumtazama usoni wakati wa kumlisha. Baba akauza mpunga uliokuwa wa kula, mama akambeba hadi Ifakara, na kutoka Ifakara wakapelekwa hospitali kubwa mjini.

Huko alitundikiwa dawa inayoitwa siklofosfamidi. Mama anasimulia kwamba ndani ya wiki moja uvimbe ulinywea hadi akauona tena mfupa wa shavu la mwanawe. Alidhani ni ndoto. Kitanda cha pili alilazwa mtoto wa umri uleule, aliyeletwa akiwa amechelewa zaidi. Yeye hakurudi kwao. Mama hupenda kumtaja mtoto huyo kila anaposimulia, kana kwamba bila yeye hadithi haijatimia.

Kwenye kadi ya hospitali kuliandikwa neno moja ambalo mama alidhani ni jina la daktari wa zamu: Burkitt.

Hakukosea sana. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Burkitt hakuelewa. Maambukizi ya jino huvimbisha upande mmoja. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Mtoto mmoja ni ajabu, wawili ni habari. Akaanza kupekua majalada ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala ya kwanza kuhusu saratani ya taya kwa watoto wa Afrika.

Kisha akataka kujua inaishia wapi. Akatuma vipeperushi vyenye picha kwa madaktari wa hospitali nyingi barani, na Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford walilonunua kwa pauni 250. Walitembea kama kilomita 16,000 kwenda kusini na kurudi, wakipita Tanganyika wiki zilezile nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru. Kila walipofika hospitali waliuliza swali moja: mnawaona watoto wa namna hii?

Majibu yalichora ramani. Ugonjwa ulikuwepo palipo na joto na mvua. Ulitoweka kwenye miinuko ya baridi na kwenye nchi kavu. Bonde la Kilombero, lenye mto unaofurika kila masika na mashamba yanayokaa na maji miezi mingi, limo ndani ya ramani hiyo bila shaka yoyote. Mtu yeyote aliyekulia kwetu angeitazama akasema: hii ni ramani ya mbu.

Ndivyo walivyosema. Mwanzoni walidhani mbu anabeba virusi vya saratani. Mwanasayansi wa London, Anthony Epstein, aliyemsikia Burkitt akihutubia mwaka 1961, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba ndani ya chembe hizo, chini ya hadubini ya elektroni, wameona virusi vipya. Leo tunaviita Epstein-Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, navyo vilitoka kwenye taya la mtoto wa Afrika Mashariki.

Ila jibu hilo lilizaa swali kubwa zaidi. Ikagundulika kwamba virusi hivyo haviletwi na mbu. Huambukizwa kwa mate, na karibu kila mtu mzima duniani anavyo, awe London au Mlimba. Kama kila mtu anavyo, kwa nini taya liwe la watoto wa mabondeni tu? Macho yakarudi kwa mbu, safari hii kwa sababu ya malaria yenyewe.

Hapo Tanzania iliingia kwenye historia hii kwa namna ambayo vitabu vyetu vya shule havisemi. Kati ya mwaka 1977 na 1982, huko Mara Kaskazini karibu na Ziwa Victoria, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa vidonge vya klorokwini kila baada ya wiki mbili. Hoja ilikuwa rahisi: tukiishusha malaria, saratani ya taya nayo ishuke. Ikashuka kweli, na baada ya vidonge kusimamishwa ikapanda tena. Lakini walipochunguza kumbukumbu waliona kwamba ilikuwa imeshaanza kushuka kabla ya kidonge cha kwanza. Wakati huohuo vimelea vya malaria vikazoea klorokwini, na malaria ikarudi huku watoto wakiendelea kumeza vidonge. Miaka mitano ya kazi, maelfu ya watoto, na jibu likawa: huenda.

Sisemi hivyo kwa kuwabeza. Ugonjwa huu hauwapati watoto wengi, hata mabondeni kwetu, na maisha ya kijiji hayasimami ili mtafiti ahesabu. Mvua hubadilika, dawa hubadilika, watu huhama. Huwezi kumchukua mtoto wa Idete ukampa malaria kwa makusudi, ukamwacha pacha wake bila malaria, kisha ukangoja. Kwa binadamu jambo hilo ni haramu. Kwa hiyo swali likahamia kwa kiumbe ambaye sisi huku humtegea mtego kwenye gunia la mpunga.

Kabla ya panya, kulikuwa na kromosomu. Kila chembe ya mwili hubeba maagizo yake kwenye nyuzi 46 ziitwazo kromosomu. Mwaka 1972 watafiti wa Sweden waliona kwamba ndani ya chembe za uvimbe wa Burkitt, kromosomu ya 14 ina kipande cha ziada. Miaka minne baadaye ikajulikana kwamba kipande hicho kimetoka kromosomu ya 8. Nyuzi mbili zilikatika, zikaungwa vibaya. Mwaka 1982 ikagundulika kilichokuwa mahali pa mkato: jeni inayoitwa MYC.

MYC kwa kawaida ni mtumishi mwema. Kazi yake ni kuiambia chembe igawanyike inapohitajika, kisha inyamaze. Lakini kwenye kromosomu ya 14, katika chembe za damu zinazotengeneza kingamwili, kuna kichochezi kisicholala, kwa sababu chembe hizo lazima zitengeneze kingamwili muda wote. MYC ikihamishiwa jirani na kichochezi hicho, hainyamazi tena. Ni kama mlinzi wa kijiji aliyehamia jirani na kinu cha kukoboa mpunga: kila kinu kinapowashwa, naye huamka na kupiga filimbi, na hapa kinu hakizimwi.

Hiyo ilikuwa dhana nzuri. Lakini je, kuhama kwa MYC ndicho chanzo cha saratani, au ni uharibifu unaotokea baada ya chembe kuwa tayari imeharibika? Mtoto anapofika hospitali amevimba, kila kitu kimeshatokea. Hakuna njia ya kurudisha nyuma na kuangalia kipi kilitangulia.

Kwa hiyo watafiti wa Taasisi ya Walter and Eliza Hall, Melbourne, Jerry Adams, Alan Harris, Suzanne Cory na wenzao, wakishirikiana na Ralph Brinster na Richard Palmiter wa Marekani, waliamua kulitengeneza kosa hilo kwa mikono. Waliunganisha MYC na kichochezi cha kingamwili, kama ilivyo kwenye uvimbe wa Burkitt. Kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, vinasaba hivyo huingizwa ndani ya yai la panya lililorutubishwa karibuni, kabla halijagawanyika. Yai hupandikizwa kwa panya jike mwingine, naye huzaa watoto ambao baadhi yao wana kosa lile katika kila chembe ya mwili.

Matokeo yalitoka mwaka 1985. Panya hao walizaliwa wazima. Walikula, walikua, kisha ndani ya miezi michache wengi wao wakavimba tezi na kufa kwa saratani ya chembe zilezile za kingamwili. Sasa ilijulikana kipi kilitangulia. MYC iliyohama ni chanzo.

Nilikutana na panya hao kwenye somo la mwaka wa pili, chuoni, katika slaidi moja kati ya arobaini. Mhadhiri alisema "mfano wa Burkitt" akapita. Mimi nilibaki nimeshika kalamu. Mle kwenye picha ya panya mweusi aliyevimba shingo nilikuwa nimemwona mdogo wangu.

Lakini jambo lililonifungua macho zaidi lilikuwa ile miezi michache. Kama kila chembe ya kingamwili ya panya ina MYC isiyonyamaza, kwa nini wasiugue wote siku wanapozaliwa? Na kwa nini kila uvimbe ulipochunguzwa ulionekana umetokana na chembe moja tu kati ya mamilioni? Jibu ni kwamba kosa moja halitoshi. Chembe inayogawanyika ovyo kwa kawaida huamriwa kufa. Ni lazima kosa la pili litokee, la kuizuia isife. Baadaye watafiti wa taasisi hiyohiyo walimzalisha panya wa MYC na panya mwenye jeni nyingine, BCL2, inayozuia chembe zisife. Watoto waliorithi zote mbili waliugua mapema zaidi sana. Jeni nyingine, TP53, ndiyo mlinzi anayeamuru chembe iliyoharibika ife. Ikipotea, njia inakuwa wazi.

Wakati panya hao wakizaana Melbourne, huku kwetu watafiti wengine walikuwa wakihesabu mbu. Ifakara imekuwa na maabara ya utafiti tangu miaka ya 1950, muongo uleule Burkitt alipoitwa wodini. Iliasisiwa na Mswisi Rudolf Geigy, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Idete kilikuwa mojawapo ya vijiji vyake vya utafiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kwamba mkazi wa Idete aliumwa na mbu mwenye malaria kama mara 300 kwa mwaka. Karibu kila usiku. Mwaka 1993 watoto wa mwaka mmoja hadi mitano walichanjwa hapa kijijini kwa chanjo ya kujaribu iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Watoto 586 walikamilisha sindano tatu. Mama anasema nilikuwemo. Hajui kama nilichomwa chanjo yenyewe au sindano ya kulinganishia. Ripoti ya mwaka 1994 ilisema chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga, na chanjo ikaachwa.

Nakumbuka watu wa utafiti, vidole vikichomwa, tone la damu juu ya kioo. Hakuna aliyekuwa akiwaza saratani. Walihesabu homa. Hata hivyo, zile mara 300 kwa mwaka ndizo zilizokuwa zikipita pia kwenye damu ya mdogo wangu tangu azaliwe.

Mwaka 2015 nyuzi hizi mbili, panya na malaria, zilikutana. Davide Robbiani, Michel Nussenzweig na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walichukua panya ambao walinzi wa TP53 walikuwa wameondolewa kwenye chembe zao za kingamwili. Baadhi waliwaambukiza malaria ya panya, wengine hawakuwaambukiza. Hili ndilo jaribio ambalo Mara Kaskazini haikuweza kulifanya.

Walichokiona ni hiki. Mwili unapopigana na malaria kwa muda mrefu, chembe za kingamwili huongezeka na kukaa kazini bila kupumzika. Zikiwa kazini hutumia kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho kazi yake ni kukata na kubadilisha vinasaba vya kingamwili ili silaha ziwe kali zaidi. Ni kisu halali. Lakini kisu kikikaa nje ya ala siku nyingi, siku moja hukata pasipo pake. Panya walioambukizwa malaria walipata saratani za chembe zilizokomaa, za aina inayofanana na Burkitt, zenye kromosomu zilizokatika na kuungwa vibaya. Wale wasioambukizwa walipata saratani pia, kwa kuwa walinzi hawakuwepo, lakini mara nyingi ya aina nyingine.

Sasa naweza kurudi barazani.

Mzee wangu, panya wa Melbourne ni ugonjwa wa ukoo. Kosa lake liliwekwa kwenye yai, kwa hiyo limo katika kila chembe yake, mpaka kwenye mbegu zake. Akizaa hupitisha. Vizazi vyake vimefugwa hivyo kwenye maabara nyingi duniani, na watafiti huhitaji warithi ili kazi iendelee. Panya wengine wa namna hiyo wana hata karatasi za umiliki: tarehe 12 Aprili 1988 Chuo Kikuu cha Harvard kilipewa hataza ya Marekani kwa panya aliyebadilishwa vinasaba ili apate saratani.

Mdogo wangu ni kinyume chake. Alizaliwa na nyuzi 46 zilizo sawa. Kosa lilitokea baadaye, katika chembe moja ya damu, iliyochoshwa na virusi vya utotoni na malaria isiyokwisha. Chembe hiyo ilizaliana mpaka ikajaza taya, kisha dawa ikaua uzao wake wote. Haikuwa kwenye mbegu zake, na haiwezi kwenda kwa mtoto wake. Kama kuna kitu alichorithi, alirithi bonde. Alirithi mbu wa Idete, kama nilivyowarithi mimi, na wajukuu wako waliozaliwa huku.

Ndiyo maana jibu langu lilikuwa fupi mno. Ni kweli haurithiwi, lakini haina maana kwamba ukoo wetu na wenu hauhusiki. Unahusika kwa chandarua, kwa dimbwi nyuma ya nyumba, kwa kumpeleka mtoto kituo cha afya homa inapoanza, na kwa kukataa kwamba kila shavu linalovimba ni jino.

Mdogo wangu sasa ana binti wa miaka minne. Likizo iliyopita nilimkuta stoo, ametega mitego mitatu, nikamsimulia yote haya huku akishona gunia lililotobolewa. Alisikiliza mpaka mwisho. Upande wa kushoto wa uso wake bado umebonyea kidogo, huonekana anapocheka.

"Kwa hiyo kuna panya huko wamepewa ugonjwa wangu."

"Kosa lako moja. Mengine yakawajia wenyewe."

"Na wanakufa wote?"

"Wengi."

Akanyamaza, akavuta uzi. "Mimi huku nawaua kwa sababu ya mpunga," akasema, kisha akacheka, kisha hakucheka tena.

Jua lilipozama binti yake alikuwa na joto. Akampakia kwenye pikipiki mbele yangu, tukampeleka kupimwa usiku uleule. Kipimo kilionyesha malaria, akapewa dawa mseto. Tuliporudi mama yake alikuwa ameshatandika. Mdogo wangu akamlaza, akachomeka chandarua chini ya godoro pande zote nne, akazunguka kitanda, akachomeka tena.